Filamu za katuni ziondolewe ukurasa wa watoto

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niseme jambo linalonikera kila ninapofungua kurasa zenu za burudani za mwisho wa juma. Gazeti lina ukurasa wa filamu na lina ukurasa wa watoto. Filamu yenye waigizaji watu, hata iwe dhaifu namna gani, inaingia ukurasa wa filamu na mwongozaji wake anatajwa kwa jina. Filamu iliyochorwa inapelekwa kwa watoto moja kwa moja, ikabanwa kati ya mafumbo na picha za kupaka rangi, kwa sentensi mbili ambazo hazisemi hata nani kaitengeneza.

Anayeandika haya si mpenzi wa katuni. Mimi ni mtu wa madubwana, yale majitu ya sinema yanayobomoa miji. Godzilla, Mothra, Rodan, Gamera na King Kong nimekua nao, na nikisikia Godzilla ananguruma chumba cha pili naweza kusema ni yule wa miaka ya 50 au yule wa miaka ya 90. Kwa muda mrefu nilikataa katuni, na kila aliyenisihi nilimpa jibu lile lile: hazina uzito. Filamu ya dubwana inanidai niamini kwamba kitu cha maelfu ya tani kimekanyaga ardhi na ardhi imekubali. Mchoro utakanyagaje?

Hoja hiyo sijaitupa. Naomba niieleze vizuri, kwa sababu ndiyo mizani niliyokwenda nayo nilipokubali kuketi mbele ya katuni, na ndiyo inayonifanya niandike leo.

Mwaka 1954 kampuni ya Toho ya Japani ilimpa Ishirō Honda kazi ya kuongoza filamu ya kwanza ya Godzilla, na mambo yote ya ujanja wa kamera akapewa Eiji Tsuburaya. Tsuburaya alikuwa amevutwa sana na King Kong ya mwaka 1933, ambamo sokwe ni mwanasesere anayesogezwa kidogo kidogo na kupigwa picha moja moja. Angependa kufanya hivyo hivyo, lakini muda haukumruhusu. Ikabidi mtu aingie ndani ya vazi la mpira. Mtu huyo ni Haruo Nakajima, na vazi la kwanza lilikuwa na uzito wa karibu kilo 100, limekauka na kukakamaa, likiwa na joto la tanuri chini ya taa za studio. Alicheza Godzilla katika filamu 12, hadi mwaka 1972. Ninapotazama zile picha nyeusi na nyeupe naona mtu anapigania kila hatua, na ule mpambano ndio unaolipatia dubwana mwili.

Lakini vazi peke yake halitoshi. Godzilla yule aliambiwa ana urefu wa mita 50, na vazi lina kama mita 2, kwa hiyo mji uliojengwa studioni ulikuwa wa kipimo cha moja kwa ishirini na tano. Sasa fikiria kipande cha ukuta. Kikianguka kutoka mita 50 kinatumia zaidi kidogo ya sekunde 3 kufika chini. Kikianguka kutoka mita 2 kinatumia sekunde 0.6 tu, na jicho la mtu yeyote, hata la mtoto, litajua kwamba jumba lile ni kiboksi. Dawa ni kuendesha kamera kwa kasi kubwa, ikusanye picha nyingi kwa sekunde moja, halafu filamu ionyeshwe kwa kasi ya kawaida ya picha 24. Vumbi linapanda polepole. Mkia unachelewa kufuata kiuno. Uzito wote wa madubwana, nimekuja kuelewa, unatengenezwa kwa kuchelewesha.

Binti yangu anachora. Yeye ndiye aliyenifungulia mlango huu, kwa makubaliano. Nilikuwa nikimsumbua aitazame ile ya mwaka 1954, naye hapendi filamu zisizo na rangi. Akasema, "Baba, nitaitazama yote, bila simu mkononi. Na wewe utatazama ninazokuchagulia, bila kusinzia." Nilikubali shingo upande. Akaitazama yote kama alivyoahidi, na mwishoni akaniuliza ule mngurumo umetengenezwaje. Nikamweleza kuhusu Akira Ifukube, aliyetunga muziki wa filamu ile: ulitolewa kwenye besi kubwa ya nyuzi, nyuzi zikalegezwa, zikasuguliwa kwa glavu ya ngozi. Alifurahi. Zamu yangu ikafika.

Akaniwekea Nausicaä of the Valley of the Wind, ya Hayao Miyazaki, iliyotoka Machi 1984, miezi kabla Godzilla mwenyewe hajarudi kwenye sinema mwaka ule ule baada ya kimya kirefu. Nusu ya kwanza niliitazama kwa heshima tu. Wadudu wakubwa wanaoitwa Ohmu walinishtua kidogo, kwa sababu magamba yao yanateleza moja juu ya jingine kama kitu kizito kweli. Baadaye nikajua sababu: magamba yalichorwa vipande vipande, vikaunganishwa kwa mpira unaovutika, kisha vikavutwa chini ya kamera. Mpira! Hata kwenye katuni kulikuwa na mpira.

Kisha ikafika sehemu ya jitu la vita. Katika hadithi, majitu haya ndiyo yaliyoiteketeza dunia zamani, na moja limefufuliwa kabla halijaiva. Linapanda kilima likijikokota kwa mikono, nyama inadondoka mifupani kama nta, na kila linapoegemea kiwiko, kiwiko kinazama kwanza, bega linafuata baadaye, kichwa kinakuja mwisho. Nilimwomba binti yangu arudishe. Akarudisha. Nikahesabu kwa vidole muda kati ya mkono kugusa ardhi na nyama ya begani kutulia. Ni kule kule kuchelewesha kwa Tsuburaya, isipokuwa hapa hakuna kamera iliyoongezewa kasi. Mtu ameketi mezani na penseli akaamua kiganja kitumie michoro mingapi kushuka, na matone ya nyama yaendelee kuanguka michoro mingapi baada ya mwili kusimama. Linafungua kinywa, mwanga mwembamba unapita, kimya, halafu upeo wote wa macho unavimba kwa moto. Linapojaribu tena, nguvu zinaliishia na linasambaratika palepale.

Aliyechora sehemu hiyo ni Hideaki Anno, kijana wa miaka ishirini na kitu wakati huo, aliyepeleka michoro yake kwa Miyazaki akapewa kazi ngumu kuliko zote. Jina hilo nililijua. Mpenzi yeyote wa madubwana analijua, maana ndiye aliyeandika Shin Godzilla ya mwaka 2016 na kuiongoza pamoja na Shinji Higuchi. Usiku ule nikaitoa Shin Godzilla nikaiweka tena. Yule Godzilla anatapika moshi kwanza, kisha moto, kisha moto unakonda unakuwa uzi wa mwanga wa zambarau unaokata majumba, na anapomaliza akiba yake anasimama kama gogo, hana nguvu hata ya kufumba kinywa. Jitu la mwaka 1984 limo ndani yake. Kwa miaka yote niliyokuwa nikimsifu yule Godzilla kwa marafiki, nilikuwa nasifu mkono wa mchora katuni. (Na vazi pia halikutupwa, niseme haki: miondoko ya Godzilla huyo wa kompyuta ilichukuliwa kutoka mwilini mwa Mansai Nomura, mwigizaji wa mchezo wa jukwaani wa kale wa Kijapani.)

Mizani yangu haikukubali kila kitu. Kati ya mwaka 2017 na 2018 zilitoka filamu tatu za katuni za Godzilla mwenyewe, zilizochorwa kwa kompyuta, na humo amepewa urefu wa mita 300. Nilizitarajia sana, ndizo zilizonikatisha tamaa kuliko zote. Mita 300 hizo sikuziona. Anasimama tu, mbali, kwenye misitu isiyo na nyumba, bila dirisha, bila nguzo ya umeme wala mtu anayekimbia chini ya mguu wake. Ukubwa hauonekani bila kitu kidogo pembeni. Kosa hilo si la katuni. Filamu za waigizaji zimelifanya mara nyingi. Nalitaja ili mhariri ajue kwamba siandiki kama mtu aliyelewa penzi jipya.

Kuna jambo jingine ambalo binti yangu alinibana nalo, na sikuwa na pa kutokea. Aliniuliza King Kong ya mwaka 1933, ile iliyomfanya Tsuburaya apende kazi yake, imetengenezwaje. Nikajibu: Willis O'Brien alikuwa na mwanasesere wa kama nusu mita, mifupa ya chuma, manyoya ya sungura juu, akamsogeza kidogo, akapiga picha, akamsogeza tena. Ukitazama kwa makini unaona manyoya ya Kong yanacheza yenyewe bila upepo, kwa sababu kila mara vidole vya fundi viliyagusa. "Sasa hiyo si katuni, Baba?" Ni ufundi ule ule: kitu kisicho na uhai kinapewa uhai picha moja baada ya nyingine. Babu wa madubwana wote wa sinema alihuishwa kwa mkono. Na hakuna gazeti lililowahi kumweka Kong juu ya jengo la Empire State kwenye ukurasa wa watoto.

Sasa nije kwenye kilichonifanya nishike kalamu.

Tarehe 10 Machi 2024, katika usiku mmoja wa tuzo za Oscar, filamu mbili za Japani zilishinda. Godzilla Minus One ya Takashi Yamazaki ilipata tuzo ya ujanja wa picha, mara ya kwanza kwa Godzilla kupata Oscar ya mashindano tangu azaliwe miaka 70 nyuma. Kazi ile ilifanywa na kikosi cha watu 35 tu. The Boy and the Heron ya Miyazaki, aliyekuwa na miaka 83, ilipata tuzo ya filamu ya katuni. Nilishangilia ya kwanza nikasahau ya pili. Gazeti nalo likaweka ya kwanza ukurasa wa filamu, na ya pili likaipeleka kwa watoto, na picha ya ndege.

Binti yangu alipoiweka ile ya pili, nilikuta inaanza na moto. Ni Tokyo wakati wa vita, usiku, ving'ora, na hospitali alimolazwa mama wa mtoto mmoja inaungua. Mtoto anapanda ngazi kwa mikono na miguu kuvaa nguo, anatoka mbio. Barabarani watu anaopishana nao hawana sura kamili. Mistari yao inayumba na kuvutika, nyuso zinapinda, kana kwamba joto limewafikia kabla ya moto. Cheche zinapita mbele ya macho yetu. Mtoto mwenyewe, kadiri anavyokaribia, mchoro wake nao unaanza kuyeyuka. Niliwaza papo hapo: jambo hili, vazi la mpira lisingeliweza. Kamera inaona moto na inaona mtu, kila kimoja mahali pake. Penseli ilionyesha moto ukiwa ndani ya macho ya mtoto anayemkimbilia mama yake.

Na ni moto ninaoujua. Katika filamu ya Honda ya mwaka 1954 kuna mama ameketi chini ya ukuta huku Tokyo inawaka, amewakumbatia watoto wake wadogo, anawaambia kwamba punde watakwenda alipo baba yao. Ni picha ya muda mfupi, na kwangu ndiyo moyo wa filamu nzima. Honda aliporudi kutoka vitani China alipita Hiroshima akaona ilivyobaki. Filamu ilitoka Novemba 1954, mwaka ule ule ambao bomu la nyuklia la majaribio la Marekani, kwenye visiwa vya Bikini katika bahari ya Pasifiki, lilimwaga majivu ya sumu juu ya mashua ya wavuvi Wajapani 23, na mmoja wao akafariki Septemba. Watazamaji wa kwanza wa Godzilla walijua wanachotazama. Miyazaki alizaliwa mwaka 1941, na akiwa mdogo familia yake ilikimbia mji wa Utsunomiya uliposhambuliwa kwa mabomu. Watu hawa wawili, mmoja na dubwana lake na mwingine na penseli yake, wanasimulia mbingu ile ile iliyowaka. Inakuwaje mmoja anaandikiwa makala na mwingine anawekwa karibu na picha za kupaka rangi?

Mhariri, hili halihusu heshima ya wasanii peke yake. Mwaka 1988 Isao Takahata alitoa Grave of the Fireflies, naye pia alinusurika shambulio la mabomu mjini Okayama akiwa na miaka 9. Ni filamu ya kaka na dada yake mdogo baada ya Kobe kuteketezwa mwaka 1945, na njaa iliyofuata. Katika dakika zake za kwanza kabisa kuna kifo, na haifichi chochote baada ya hapo. Mimi mtu mzima niliitazama nikatoka nje kupata hewa. Mzazi anayeamini kwamba kilichochorwa ni cha watoto atawawekea wanawe filamu hiyo jioni na kwenda jikoni. Ukurasa wenu umemwambia hivyo. Hajui, kwa sababu hakuna aliyemwambia, kwamba iliyotoka siku moja nayo kwenye kumbi za Japani, My Neighbor Totoro, inawafaa watoto kweli, na hii haiwafai walio wadogo hata kidogo. Zote mbili ni za studio moja na zimechorwa kwa mkono, na kwa kuangalia bango tu huwezi kuzitofautisha.

Upande wa pili kuna mtu kama mimi, ambaye angezipenda filamu hizi lakini hatazikuta kamwe, kwa kuwa ukurasa wa watoto anauruka. Wapenzi wa madubwana ni watu wa kusoma kila mstari kuhusu filamu wanazozisubiri: nani kaongoza, nani katengeneza dubwana, kwa vazi au kwa kompyuta. Mngeandika siku moja tu kwamba mchoraji wa jitu la mwaka 1984 ndiye mwandishi wa Shin Godzilla, mngetupata.

Kwa hiyo ninaomba mambo machache yasiyohitaji fedha wala karatasi ya ziada. Filamu iliyochorwa iwekwe ukurasa wa filamu pamoja na nyingine, ipewe jina la mwongozaji na mwaka wake. Pembeni yake iandikwe inamfaa mtu wa umri gani na kwa sababu ipi: vita, njaa, damu, au haina shida. Zinazowafaa watoto ziandikwe kwa watoto pia, na ziandikwe vizuri, maana mtoto naye anastahili kujua kwamba kilichomfurahisha kimetengenezwa na mtu mwenye jina. Kama mwandishi wenu wa filamu hana mazoea na katuni, aanze na zile zenye kitu anachokipenda tayari, kama nilivyoanzishwa mimi na jitu. Na akikutana na iliyo mbovu, aiseme ni mbovu kwa sababu zilezile anazotumia kwa filamu nyingine.

Kwa wapenzi wenzangu wa madubwana wanaosoma barua hii: itazameni sehemu ile ya Nausicaä pekee kama hamtaki filamu nzima, halafu mwandikie mhariri mniambie kama jitu lile halina uzito. Sisi huku nyumbani tunaendelea. Binti yangu amechagua Akira ya Katsuhiro Otomo, ya mwaka 1988, na ameniahidi kwamba karibu na mwisho mwili wa kijana mmoja unavimba hadi unajaza uwanja. Mimi nimechagua Mothra ya mwaka 1961. Ameuliza mapema kama ina rangi, na nimemhakikishia kwamba inayo.

Ni mimi,
Mpenzi wa filamu za madubwana na msomaji wenu wa kila juma